Kiti cha Baba na Madirisha Yangu Matatu

Anayetaka kuijua hasira yangu anikute dakika ile ninapomfunga mpelelezi.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Kwa sasa natunza programu ya ofisi moja ya chanjo hapa Kindu: mtoto akichomwa sindano huko Lokandu au Kampene, jina lake linaingia kwenye orodha, na mimi ndiye wa kuhakikisha kwamba haliingii mara mbili wala halipotei. Ninaandikia ndani ya kihariri, programu ambayo inaniruhusu kuigawa skrini kuwa madirisha kadiri nipendavyo. Mimi napenda matatu. Kushoto liko dirisha refu la kazi yenyewe. Kulia juu iko orodha ya watoto wa kujaribia, niliowabuni na kuwapa majina ya watu walionikosea. Kulia chini kuna kidirisha cha vikumbusho vyangu. Nimepanga hivyo miaka minane. Jicho linakwenda lenyewe, kama mtu anavyonyoosha mkono gizani akaushika mwiko wake palepale.

Kosa likijificha ndani ya kazi, namwita mpelelezi. Naye ni programu. Anaingia ndani ya kihariri, anaisimamisha kazi yangu mstari baada ya mstari na kuihoji: hapa ulikuwa na nini mkononi, pale ulipitia wapi. Wenzangu wana jina lake la Kifaransa. Mimi namwita mpelelezi kwa ajili ya tabia zake. Habishi hodi. Anayafagia madirisha yangu yote na kufungua yake manne. Hilo simlaumu, ana kazi ya kufanya. Lakini kazi ikiisha, nikamwambia asante nenda, anaondoka bila kurudisha kitu hata kimoja. Ananiachia skrini iliyokatwa nusu kwa nusu, faili moja pande zote mbili, na vikumbusho vyangu sijui kavitupa wapi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakupata kukutana na mgeni huyu.

Nafanyia kazi nyumbani, kwenye sebule ya mama yangu, kwa kuwa betri ya sola iko hapa, na jenereta ya ofisini ina kila kitu isipokuwa mafuta. Mama hukaa mkekani akichambua mchele. Siku hizi anauchambua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Siku moja nilipokuwa namtukana mpelelezi, kwa maneno ambayo sikujua kwamba nayajua, aliniuliza nagombana na nani. Nikamweleza kwa ufupi: kuna mgeni anayekuja, anahamisha vitu vyote, akiondoka anaacha vilevile alivyovivuruga.

Mama akacheka, vidole vikiwa bado kwenye mchele.

“Huyo namujua,” akasema. “Alishalala humu ndani.”

Nilidhani ananitania. Mama ana utani mkavu, na mara nyingi nauelewa wiki inayofuata.

Basi nikaamua kumkomesha mgeni wangu. Niliandika mistari kumi na miwili. Ilifanya mambo mawili tu: kabla mpelelezi hajaingia, inaandika mahali fulani jinsi madirisha yangu yalivyokaa, akishatoka, inayarudisha yote kama yalivyoandikwa. Nilijaribu mara ya kwanza, madirisha yangu matatu yakarudi na hata kishale kikawa kwenye neno lilelile nililoliacha. Nilipiga kofi mezani. Kila fundi ana siku yake ya kujiona, na ile ilikuwa yangu. Wiki mbili nzima nilikuwa mtu mpole, hata majirani walitambua.

Kisha ikaja siku ya daktari wa macho. Tulitoka asubuhi, mimi na mama, mvua inanyesha. Niliiacha kompyuta wazi mezani na mpelelezi ndani yake, nikijua nitarudi baada ya saa moja. Tulikaa kwenye benchi hadi alasiri. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, aliangalia kwa kitaa chake kidogo, kisha akaniita pembeni, jambo ambalo mama alilichukia kwa kuwa macho ndiyo mabovu, masikio ni mazima. Alisema ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina miezi kadhaa, na dawa itachelewesha tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi hata kwa kisu. Njiani kurudi mama alinikumbusha tu tununue sombe, majani ya muhogo ya mboga. Mimi niliogopa kuliko yeye. Nilianza palepale kuorodhesha kichwani vitu ambavyo angepaswa kuviona kabla jicho la kulia halijafunga.

Nyumbani tulikuta betri imekufa kwa ajili ya mawingu, na kompyuta imezimika. Jua liliporudi kesho yake niliiwasha. Kihariri changu kina sifa moja ambayo chenyewe hujivunia: kikizimika ghafla, kikiwaka kinakurudisha palepale ulipokuwa. Kikanirudisha kwenye madirisha manne ya mpelelezi. Sikujali. Nikamwita mpelelezi tena, tukafanya kazi, nikamfunga. Madirisha manne yakabaki. Nikamwita na kumfunga mara ya pili, na ya tatu. Kila mara mistari yangu kumi na miwili ilifanya kazi yake kwa uaminifu mkubwa na kunirudishia madirisha manne.

Hili ndilo la aibu: nilifanya kazi siku tatu ndani ya mpangilio ule. Nilikuwa na mawazo juu ya mama, nikadhani ni mimi niliyechoka. Siku ya tatu nilishaanza kuuzoea. Nilikuwa nimejifunza kutafuta vikumbusho vyangu juu kushoto, na mkono ulikuwa unakwenda huko wenyewe.

Mwishowe niliisoma tena mistari yangu, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mdai. Mstari wa kwanza ulisema: hifadhi mpangilio. Haukuuliza kitu kabla ya hapo. Haukuuliza wakati huu nani yumo ndani. Baada ya betri kufa, nilimwita mpelelezi wakati fujo yake imeshajaa skrini. Mistari yangu ikaitazama fujo ile, ikaiamini, ikaiandika juu ya mpangilio wangu wa miaka minane na kuufuta. Tangu hapo ilikuwa inalinda uharibifu kwa bidii zote.

Niliondoa mikono kwenye kompyuta. Kosa lile nililijua. Nilikwisha kulifanya mara moja, nikiwa na miaka tisa, na ushahidi ulikuwa umesimama hatua tano kutoka mezani kwangu, kando ya mlango wa korido: kiti cha baba.

Inabidi nieleze jinsi tulivyokimbia vita nyumbani kwetu, kwa maana kila nyumba ilikuwa na mtindo wake. Kuna waliofukia sufuria. Kuna waliobeba milango. Mama yangu alitubebesha nyumba kichwani. Vita vya kwanza vilipokaribia mji, alitusimamisha, mimi na dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, akamgawia kila mmoja chumba. Yaya alipewa jikoni. Mimi nilikuwa na miaka saba, nikapewa sebule. Chumba cha kulala akakichukua mwenyewe pamoja na baba. Tulipaswa kutazama kila kitu kilipo na kukiweka kichwani. Kisha huko porini, ng'ambo ya mto Lualaba, kila asubuhi mihogo ikichemka, kila mmoja alisoma chumba chake kwa sauti. Baba alicheka, lakini naye alisoma. Jirani mmoja alimwuliza mama faida yake ni nini, askari watabeba kila kitu vilevile. Mama alimjibu neno ambalo yaya na mimi tunalirudia hadi leo.

“Vitu watabeba,” alisema. “Pahali yake hawawezi kubeba.”

Mara ile ya kwanza tulirudi baada ya majuma machache. Tulikuta vitu vimetupwa huku na huko, vingine havipo. Mama alisimama katikati ya nyumba na kutuamuru tuseme. Tukasema, na nyumba ikarudi chumba kwa chumba. Mahali pa redio iliyoibwa aliweka kitambaa chake, ili pasikaliwe na kitu kingine. Nilisema sebule yangu bila kukosea hata kidogo, na baba akanipa kichwa cha samaki, ambacho kwetu si kitu cha kupewa mtoto.

Miaka miwili ikapita. Baba alikuwa fundi wa reli. Siku moja alipanda treni kwenda kusini kurekebisha njia iliyoliwa na mvua, akasema atarudi Jumamosi ya pili. Kabla ya Jumamosi hiyo vita vya pili vilikata reli. Hatukupata neno lake tena. Mama hakuvaa nguo za msiba. Alichofanya ni kukataza mtu yeyote asikalie kiti cha baba, wala kukisogeza. Alisema akirudi amechoka, asianze kuuliza mahali pa kukaa.

Kisha askari wakaingia mjini, na kamanda wao mmoja akaipenda sebule yetu. Sisi tulihamia jikoni. Alikaa majuma matatu. Alikuwa mtu wa salamu, sitamsingizia. Kila asubuhi alimwuliza mama amelalaje, mama akiwa amelala sakafuni kwa sababu yake. Siku ya kwanza tu alikibeba kiti cha baba, kiti kizito cha mbao chenye mikono miwili, akakiweka apendapo yeye.

Siku risasi zilipoanza kulia upande wa uwanja wa ndege, kamanda alitoka mbio na watu wake, na sisi tulibaki na muda wa kuchota ndoo moja ya maji tu kabla ya kukimbia. Mama alitupigia kelele: kila mutu chumba yake! Nikaingia sebuleni. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, ndiyo bahati yangu mbaya. Nilisimama katikati, nikatazama kila kitu kilipo, nikakiweka kichwani kama nilivyofundishwa, nikatoka.

Porini tulikaa miezi mitatu. Niliugua homa, nikaacha kula, nikaacha na kuongea. Lakini asubuhi zamu yangu ikifika niliisoma sebule yangu, sauti kama ya mtu wa kanisa. Nakumbuka siku ya kwanza. Nilisema: kiti ya papa iko kando ya mulango wa korido, mugongo kwa ukuta. Mama alikuwa anamenya muhogo. Kisu kilisimama. Kisha akasema, “Endelea,” na kisu kikaendelea. Miaka yote niliihesabu “endelea” ile kuwa sifa.

Tuliporudi, sebule ilikuwa tupu. Meza ilikuwa imegeuzwa kuni. Kiti cha baba kilikuwa uani, kimelowa, kimevunjika mkono mmoja. Mama alikibeba yeye mwenyewe, akasimama nacho mlangoni, akaniambia niseme. Nikasema. Akakiweka nilipomwambia, kando ya mlango wa korido. Hapo ndipo kimekaa hadi leo. Hakuna aliyekikalia. Baba hakurudi.

Nilikuwa nakitazama kiti hicho kutoka mezani, programu yangu imefunguka mbele yangu, na mara nikaona kitu ambacho mtu mzima yeyote angekiona. Kutoka kando ya mlango wa korido, mgongo ukutani, unaiona milango yote miwili na dirisha. Hapo ni mahali pa mtu anayeogopa kupigwa risasi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Aliogopa mvua tu. Kiti chake kilikuwa dirishani, kwenye mwanga, alipotengeneza saa za watu jioni, mgongo kwetu na kwa dunia nzima.

Nilimpigia yaya, aliyeolewa Kalima. Nikamwuliza kiti cha baba kilikuwa wapi kabla ya vita vya pili. Akanijibu kwamba yeye alipewa jikoni, na jikoni yake aliirudisha hadi kijiko. Mambo ya sebule nimwulize aliyepewa sebule. Yaya amekuwa hivyo tangu tumboni. Nikasikia kuku wake wakigombana.

“Lakini papa alikuwa anatupatia mugongo,” akasema. “Hiyo nakumbuka. Nilikuwa namuita kula, hageuki.”

Basi nilikuwa na hakika. Kwa miaka zaidi ya ishirini mama yangu amekuwa akifuta vumbi la kiti cha kamanda. Amekitunza mahali pa mtu aliyemfukuza sebuleni kwake, akidhani anamtunzia mumewe, kwa sababu mtoto wake mwerevu alihifadhi fujo na kuiita nyumba. Na jicho lake la kulia lilikuwa na miezi. Kama kuna kitu kimoja alichostahili kukiona kabla halijafunga, kilikuwa kiti kile dirishani. Niliona aibu, nikaona na uoga. Sikujua lipi baya zaidi, kumwambia au kumwacha apofuke na picha ya uongo.

Siku mbili nilizunguka na neno hilo. Programu niliirekebisha kwa dakika nne, kwa mstari mmoja unaosema kwamba kama mpelelezi yumo ndani, usihifadhi kitu. Madirisha yangu matatu niliyapanga upya kwa mkono. Hayo yalikuwa rahisi. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mama akiwa mkekani, nilisimama nikaenda nikakishika kiti cha baba kwa mkono wake mmoja uliobaki. Nilikuwa nimejiandaa kukisogeza kwanza na kueleza baadaye. Mguu wa kiti ukakwaruza sakafu.

“Acha,” akasema mama.

Nikaacha. Nikamweleza yote hapo nilipokuwa nimesimama, vibaya, bila mpangilio: kamanda, risasi, jinsi nilivyotazama. Nikamwambia kwamba kiti hakikuwa hapa, kilikuwa dirishani, na kwamba mimi ndiye niliyemdanganya miaka yote hii. Nilitaka akione pahali pake angali anaona.

Mama alipepeta ungo kidogo, akapuliza makapi.

“Nilijua,” akasema. “Tangu siku ya kwanza kule porini.”

Nikamwuliza kwa nini hakunisahihisha. Sauti yangu haikuwa ya adabu, nakiri. Nilikasirika kama ninavyomkasirikia mpelelezi, kwa kuwa nilikuwa nimebeba aibu ya siku mbili kumbe mwenye mali alishaisamehe zamani.

“Ulikuwa na homa,” akasema. “Ulikuwa hauli, hausemi. Kitu moja tu ulikuwa unasema, njo hiyo sebule. Niseme umeibeba mubaya?”

Nikasema basi angekisogeza baadaye, nilipopona. Miaka ilikuwepo ya kutosha.

Mama aligeuza uso upande wa kiti, ingawa sina hakika alikuwa anaona nini.

“Nilimuachia papa yenu,” akasema. “Nilisema, siku atarudi, ataingia, ataona kiti iko pahali mubaya, ataisogeza yeye mwenyewe bila kuuliza mutu. Njo vile ningejua ni yeye kweli.”

Nilikaa sakafuni kando ya mkeke wake. Nililia, na sioni haya kuliandika. Kila asubuhi ya utoto wangu nilimwona akitoka korido na kukitazama kiti kile kabla ya kitu kingine chochote, na nilidhani anaangalia vumbi.

Aliniacha nilie, kisha akanipa ungo niushike kwa kuwa mkono wake ulikuwa umechoka. Nikamwuliza kama sasa anataka nikirudishe dirishani. Akasema hapana. Akitoka chumbani asubuhi, mkono wake unafika kwenye kiti kile kwanza, na kutoka hapo anajua mlango uko wapi, mkeke uko wapi, na meza yangu, ambayo niliiweka bila kumwuliza mtu, iko wapi. Nikikihamisha ataanguka. Akaongeza kwamba katika majuma yote matatu kamanda alifanya jambo hilo moja la maana, na hata hilo hakulikusudia.

Nilikirudisha kile kiti ule upana wa vidole viwili niliokuwa nimekisogeza. Kesho yake nilikuwa mezani mapema, madirisha matatu wazi, nilipomsikia anatoka korido. Mkono wake ukatafuta ukuta, ukakipata kiti, ukasimama juu yake kidogo. Kilikuwa palepale. Akapita kwenda kuwasha moto.